Mazoea ya nyumbani na maamuzi ya kumuuguza mama

Mama yetu aliishi na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomaliza kumbukumbu polepole, kwa miaka mingi kabla ya kufariki, na katika miaka hiyo sisi watoto wake tulikaa vikao visivyohesabika. Tulijadili nani akae naye, nani alipe nini, lini aache kulala peke yake, na mwishoni kabisa, kama awekewe mpira wa kulishia au asiwekewe. Nikiyatazama hayo yote sasa, naona kwamba mengi tuliyodhani tunayaamua kikaoni yalikuwa yamekwisha kuamuliwa na mazoea yetu ya siku nyingi. Aliyezoea kuamka usiku aliendelea kuamka, aliyezoea kutoa fedha na kuondoka alitoa fedha akaondoka, na aliyezoea kunyamaza alinyamaza hata pale ukimya wake ulipohesabiwa kuwa ni kukubali. Ninawaandikia wale ambao ndio kwanza wanaona mzazi wao anabadilika, kwa sababu mazoea hayo yanaweza kurekebishwa mapema kwa maneno machache, ilhali ugonjwa ukishakomaa kila marekebisho huonekana kama lawama.

Sisi ni wanne: kaka yetu mkubwa, dada, mimi na mdogo wetu wa mwisho. Tangu baba alipofariki, kaka ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, na dada, kwa kuwa aliishi karibu na mama, ndiye aliyekuwa mtu wa kufika. Hakuna aliyewateua. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe, na kwa muda mrefu yalitufaa.

Mama alikuwa mtu wa ratiba. Aliamka wakati ule ule, akafagia, akatembea njia ile ile kila siku, akaoga jioni, na usiku kabla ya kulala akahesabu fedha zake na kuzirudisha mahali pake. Utaratibu huo ulimlinda, lakini vilevile ulimficha. Kumbukumbu ya mambo ambayo mikono na miguu imeyafanya kwa miaka hudumu muda mrefu zaidi kuliko kumbukumbu ya jambo lililotokea asubuhi ya leo, kwa hiyo mtu aliyekwisha kuanza kuugua anaweza kuiendesha siku yake vizuri kabisa maadamu hakuna kinachobadilika. Tuliokwenda kumtembelea tulimkuta amevaa nadhifu, nyumba imefagiwa, anatuita kwa majina, nasi tukaondoka tumeridhika. Alipohamia kwa dada kwa muda, wakati nyumba yake inakarabatiwa, ndipo mambo yalipojitokeza. Hakuweza kukumbuka choo kiko upande gani, aliuliza swali moja mara nyingi ndani ya saa moja, na akaanza kumtuhumu msaidizi wa nyumbani kwamba amemwibia fedha ambazo alikuwa amezificha yeye mwenyewe katikati ya nguo.

Kaka alisema ni uzee. Mdogo wetu, ambaye anaishi mbali, alisema kwamba kila anapompigia simu mama huzungumza vizuri, na alikuwa anasema kweli. Mazungumzo ya simu kati ya mzazi na mtoto huenda kwa maswali yale yale na majibu yale yale, na mama aliyajua majibu hayo kwa moyo. Isitoshe, katika familia yetu ilikuwa desturi kupeana habari njema tu kwa simu: ukiulizwa hali ya mama unasema anaendelea vizuri, kisha mnahamia mambo mengine. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini sisi hatukuficha kwa hila. Tulikuwa tukishika adabu, na adabu hiyo ilituchelewesha. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: mkibadilishana habari za mzazi, acheni kuulizana hali na ulizaneni matukio. Amelala saa ngapi? Amelipa nini wiki hii, na amelipa mara ngapi? Amesahau njia wapi? Anayeishi naye aandike mambo hayo kwenye daftari pamoja na tarehe, hata kama yanaonekana madogo, kwani daftari la dada lilikuja kumsaidia daktari kuliko maelezo yetu sote.

Siku ya kwenda hospitali kaka alitaka aingie yeye na mama kwenye chumba cha daktari, kwa kuwa ndiye mkubwa. Daktari aliuliza maswali machache tu kuhusu usingizi, choo na chakula, akaona kwamba anajibiwa kwa kukisia, akauliza kwa upole kama kuna mtu anayeishi na mgonjwa. Dada akaitwa kutoka nje. Lilikuwa jambo dogo, na hakuna aliyelizungumzia tulipokuwa tunarudi, lakini kuanzia siku ile kaka hakuja tena hospitali isipokuwa kwa kuombwa, na mimi nadhani baadhi ya ubishi uliofuata miaka ya baadaye ulianzia mlangoni pale. Laiti tungekubaliana mapema kwamba anayeingia ni yule anayeyajua maisha ya kila siku ya mgonjwa, na kwamba mkubwa anabaki kuwa mkubwa hata akiwa amekaa nje, tungeepuka mengi.

Daktari hakukimbilia jina la ugonjwa. Alituomba tulete dawa zote zilizokuwa nyumbani, zikiwemo zile zinazonunuliwa bila cheti. Ndani ya mfuko tuliomletea alikuta vidonge vya zamani vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, aina ambayo huweza kuivuruga akili ya mzee, pamoja na dawa ya usingizi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua ilianzishwa na nani. Akaagiza vipimo vya damu ili kuangalia kiwango cha vitamini B12 na utendaji wa tezi ya thairoidi, na akauliza kwa kirefu kuhusu huzuni na kuhusu masikio. Alitueleza kwamba upungufu wa vitamini hiyo, tezi iliyolegea, sonona na hata kutosikia vizuri vinaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza kumbukumbu, na kwamba mengi kati ya hayo hutibika. Kisha alimpa mama karatasi achore uso wa saa na kuweka mishale, na kumuuliza maswali ya jaribio lenye alama 30 ambalo limekuwa likitumika tangu mwaka 1975. Mama aliziweka namba zote upande mmoja wa duara, akaitazama kazi yake, akacheka na kusema kwamba miwani yake imechakaa.

Majibu yalipokamilika tuliambiwa ni Alzheimer. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, na ndio unaoongoza kati ya maradhi yanayosababisha dimenshia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujimudu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na hali hiyo, na kwamba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa hao wana Alzheimer. Nilidhani kujua kwamba tuko wengi kungenifariji. Lililonisaidia zaidi lilikuwa maelezo makavu ya daktari kwamba dawa tulizoandikiwa hupunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa, na kwamba haziuondoi ugonjwa. Maelezo hayo yalituwezesha kuacha kutapanya fedha. Kabla ya hapo kila ndugu alikuwa anamjua mtu anayerudisha kumbukumbu, na kila mmoja wa watu hao alitaka alipwe kwanza. Fedha tulizopoteza hapo zingetosha kumlipa msaidizi wa usiku kwa muda mrefu.

Jambo ambalo ningependa kila familia ilifanye katika miezi ya mwanzo ni la kisheria. Mama alikuwa bado anaelewa anachoambiwa na anachosaini, na hapo ndipo hati ya uwakili, yaani hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kuamua kwa niaba yako, inapowezekana; mtu akishapoteza uwezo wa kuelewa, hakuna mwanasheria mwaminifu atakayemsainisha, na familia hulazimika kwenda mahakamani kuomba usimamizi, njia ambayo ni ndefu na ya gharama. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini swali moja lafaa kuulizwa popote: je, hati hii itaendelea kuwa na nguvu baada ya mgonjwa kupoteza uwezo wa kuamua? Katika baadhi ya nchi uwakili wa kawaida hukoma hapo hapo unapohitajika, na inabidi kuandikwa hati ya aina nyingine. Kaka aliona kwamba kumwita mwanasheria ni kumzika mama akiwa hai. Aliyeumaliza mjadala ni mama mwenyewe, ambaye aliuliza kama kalamu inaandika. Alisaini mbele ya mashahidi, akawapa dada na mdogo wetu mamlaka ya pamoja juu ya akaunti yake na juu ya maamuzi ya matibabu yake, na kila kilichotoka kwenye akaunti hiyo kikawa kinaandikwa na kutumwa kwetu sote mwisho wa mwezi. Utaratibu huo ulionekana kuwa ni wa kutoaminiana. Kwa maoni yangu ndio uliomlinda dada asije kusemwa.

Siku zile zile tulimuuliza mama angependa tumfanyie nini ugonjwa ukimzidi. Alijibu kwa utulivu kwamba, maadamu anatutambua, tumpeleke hospitali na tujitahidi, lakini tukiona hatambui tena mtu, tusimsumbue. Tuliandika maneno hayo, tukayaweka pamoja na hati, tukadhani suala limekwisha. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa kuwa maneno yale yaliyoonekana wazi kabisa ndiyo yaliyotugawanya. Kwa sasa niseme tu kwamba mzazi akiulizwa kwa ujumla atajibu kwa ujumla. Muulizeni hali moja moja: akishindwa kumeza, akipata homa ya mapafu, moyo ukisimama, akihitaji kulazwa mbali na nyumbani. Ni maswali mazito kumuuliza mama yako huku anakutazama, lakini kuyajibu wewe kwa niaba yake akiwa hawezi tena kusema ni kuzito zaidi.

Kuhusu maisha ya kila siku, tulijifunza kwamba mazoea yale yale yaliyomficha ndiyo yaliyokuwa msaada wetu mkubwa. Kwa muda mrefu kuoga kulikuwa vita. Msaidizi aliyefika asubuhi alitaka kumwogesha asubuhi ili amalize kazi zake, na mama alipiga kelele, akamsukuma, na mara moja akaanguka. Dada ndiye aliyekumbuka kwamba mama hakuwahi kuoga asubuhi maisha yake yote. Tulipolirudisha zoezi hilo jioni, na kuanza na miguu badala ya kichwa, huku akiwa amefunikwa khanga mabegani asione baridi wala aibu, ubishi ulipungua sana. Kadhalika kila mchana, saa fulani, alichukua mkoba na kutaka kutoka. Tulifunga mlango, naye akaupiga hadi mikono ikavimba. Ilitubidi tukae chini na kukumbuka kwamba ulikuwa wakati ambao, enzi za kazi yake, alikuwa akitoka kuelekea kazini. Baada ya hapo mtu mmoja alikuwa akitoka naye, wanazunguka kidogo, wanarudi, na kwa kawaida alirudi ametulia. Bado tulimshonea nguoni jina na namba ya simu, na tulikaa na picha yake ya karibuni, kwa sababu mgonjwa anayepotea hupotea siku ambayo kila mtu alidhani mwenzake anamwangalia.

Jua likianza kuzama alikuwa akibadilika. Alikuwa na hofu, aliona watu pembeni ya chumba, na alimwita mama yake mzazi ambaye alifariki zamani. Mwanzoni kila mmoja wetu alimsahihisha: bibi amekwisha kufa. Kila mara aliposikia hivyo alilia upya, maana kwake ilikuwa habari mpya. Muuguzi mmoja alituonyesha kwamba tunaweza kumwomba atusimulie habari za mama yake, na akifanya hivyo hofu inapungua bila sisi kusema uongo. Tuliwasha taa mapema kabla ya giza kuingia, tulizima redio na televisheni kwa pamoja, tukaacha kupokea wageni saa hizo. Wageni walinuna, na tuliwaacha wanune.

Hapa pana onyo ambalo sitaki kulipita haraka. Kipindi fulani mama alibadilika ghafla ndani ya siku mbili: akawa anaweweseka, hatulii, halafu analala mchana kutwa. Tulidhani ugonjwa umepanda ngazi, na ndugu mmoja alipendekeza apewe dawa za kumtuliza. Kumbe yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Dimenshia ya aina hii huteremka polepole. Mabadiliko ya ghafla mara nyingi yana chanzo kingine, kama maambukizi, kukosa maji mwilini, kufunga choo, maumivu ambayo mgonjwa hawezi kuyaeleza, au dawa mpya. Na kuhusu dawa za kutuliza zinazotumika kwa wagonjwa wa akili, ni vyema kujua kwamba mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Madaktari huzitumia wakati mwingine, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, mgonjwa anapojihatarisha au kuwahatarisha wengine. Zisianzishwe kwa sababu tu waliomo nyumbani wamechoka.

Na uchovu ulikuwapo. Dada alikuwa ameomba kupunguziwa saa za kazi, kisha akaacha kabisa, na hakuna kikao kilichowahi kumwomba aache. Ilionekana tu kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kaka alituma fedha kila mwezi bila kukosa na kwa dhati aliamini kwamba ndiye anayebeba sehemu kubwa, na mdogo wetu aliamini hivyo hivyo kwa sababu alikuwa akipiga simu kila jioni. Mimi nilikuwa nikija mwishoni mwa wiki, na nilikuwa nikisifiwa kuliko dada, kwani anayekuja huonekana, ilhali anayekaa amekwisha kuzoeleka.

Kilichotutikisa ni karatasi. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alimpa dada dodoso la maswali 22 kuhusu mzigo wa kuuguza, lililotokana na kazi ya mtafiti Mmarekani Steven Zarit na wenzake iliyochapishwa mwaka 1980. Maswali yenyewe ni ya kawaida: je, unahisi huna muda wako mwenyewe, je, afya yako imeathirika, je, unatamani ungeweza kumwachia mtu mwingine kazi hii? Dada alijibu, kisha, kwa ridhaa yake, muuguzi aliyasoma majibu mbele yetu. Hatukuwahi kumsikia dada akisema maneno hayo kwa mdomo wake, na sidhani kama angeyasema. Baada ya hapo tuliandika kazi zote za wiki pamoja na muda unaotumika kwa kila kazi, usiku na mchana, tukagawana saa kabla ya kugawana fedha. Asiyeweza kutoa saa zake alilipia saa za mtu mwingine, na dada akahesabiwa kama mtu anayefanya kazi. Kaka alisema kwamba mtoto halipwi kwa kumtunza mama yake. Nilimwelewa, na bado ninaamini alikosea, kwa sababu dada alikuwa tayari amelipia kwa mshahara wake uliokoma.

Uamuzi wa kumpeleka mama kwenye kituo cha kulelea wazee ulikuja baadaye, mgongo wa dada ulipoumia na mama alipofikia hali ya kuhitaji watu wawili kumwinua. Kulikuwa na ahadi. Siku nyingi kabla, tukiwa wote tuna afya, kaka alimwahidi mama kwamba hataishi wala kufia mikononi mwa wageni, na sisi wengine tuliitikia. Ahadi za namna hiyo hutolewa kwa upendo na mtu ambaye hajui bado kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili usiku kucha ili asipate vidonda vya kulala. Ukiulizwa na mzazi wako, mwahidi jambo unaloweza kulishika: kwamba hatakuwa peke yake, kwamba hatatukanwa wala kuachwa mchafu, kwamba mtakuja.

Tulikagua vituo vichache. Mara ya kwanza tulikwenda kwa miadi, tukaonyeshwa bustani. Tulijifunza kurudi bila taarifa, jioni na siku za mapumziko, wakati wafanyakazi ni wachache. Tuliuliza zamu ya usiku ina watu wangapi kwa wagonjwa wangapi, nini hufanyika mgonjwa akianguka na familia inapigiwa simu lini, nani anaruhusu dawa za usingizi, na mkataba unasemaje familia ikitaka kumtoa mgonjwa katikati ya mwezi. Kituo kimoja kizuri kwa macho kilikuwa na wagonjwa wote wamelala saa ambayo jua lilikuwa halijazama, tulishukuru, tukaondoka. Kile tulichokichagua kilikuwa na rangi iliyobanduka ukutani, lakini mhudumu aliyetupokea alipiga magoti kuzungumza na mzee aliyekuwa kwenye kiti ili macho yao yalingane, na hakujua kwamba tunamtazama.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Mama alikataa chakula, dada alikataa kulala. Tuliwapa wahudumu ukurasa mmoja wenye mazoea yake: anaoga jioni, anaanza na miguu, mchana anataka kutoka na mkoba, anapenda kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nadhani ukurasa ule ulifanya kazi kuliko fedha zote tulizolipa. Kaka, ambaye alipinga uamuzi huo hadi mwisho, ndiye aliyekuja kuwa mgeni wa mama wa kila mara, labda kwa kuwa huko hakuna aliyemtaka awe msemaji. Alikaa naye tu, wakashikana mikono.

Ndipo akaanza kupaliwa. Katika hatua za mwisho za ugonjwa huu ubongo husahau hata kumeza, chakula huingia njia ya hewa, na homa ya mapafu hufuata. Hospitali walituuliza kama tunataka awekewe mpira wa kulishia, na tulirudi kwenye maneno yake: maadamu anatutambua. Majina yetu alikuwa ameyasahau siku nyingi. Lakini dada alipozungumza, mama aliugeuza uso. Mimi nilipozungumza, hakugeuka. Je, huko ni kutambua? Kaka alisema ni kutambua, kwa hiyo mpira uwekwe. Dada, ambaye ndiye aliyegeukiwa, alisema mama hakumaanisha hivyo. Tulikaa kwenye ukumbi wa hospitali hadi usiku bila kukubaliana.

Aliyetusaidia ni daktari wa tiba shufaa, tiba inayolenga kuondoa maumivu na mateso pale ambapo kuponya hakuwezekani. Hakutuamulia. Alitueleza kwamba kwa mgonjwa wa dimenshia aliyefikia hatua ya mwisho, mpira haujaonyesha kurefusha maisha wala kuzuia chakula na mate kuingia mapafuni, kwamba wagonjwa wengi huuvuta na kuishia kufungwa mikono, na kwamba chama cha wataalamu wa afya ya wazee cha Marekani kinashauri kulisha kwa mkono badala yake: kidogo kidogo, mgonjwa akiwa ameketi wima, chakula laini, kwa kadiri anavyotaka. Kisha aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: mama mwenyewe akiwa na akili zake timamu, akasimama mlangoni na kujitazama akiwa kitandani hivi, angesema nini? Kaka alinyamaza kwa muda mrefu. Safari hii tulimuuliza waziwazi kama ukimya wake ni kukubali, naye akasema hapana, si kukubali, lakini hatazuia. Dada na mdogo wetu, kwa mamlaka waliyopewa na mama, waliusaini uamuzi wa kutouweka mpira, na sisi wawili tuliandika majina yetu chini yake ijapokuwa sheria haikututaka, ili wasije kubeba peke yao.

Alirudi kituoni, akalishwa kwa mkono. Kumlisha kulichukua muda mrefu sana kila mlo, na kuna siku alifumba mdomo tukalazimika kuweka kijiko chini. Watu waliofika kumwona walituuliza kwa nini tunamwacha afe njaa. Jiandaeni kwa swali hilo, na kubalianeni mapema nani atalijibu, maana litaulizwa kwa sauti na mbele za watu. Mwili unaoelekea kufa huacha kutaka chakula, na kulowanisha midomo, kupaka mafuta na kutuliza maumivu ni matunzo kamili. Mama alifariki alfajiri, mhudumu wa zamu akiwa naye. Sisi tulifika baada ya kuitwa.

Tulipofungua hesabu baada ya mazishi, madaftari ya kila mwezi yalikuwepo, na hakuna aliyeuliza fedha zilikwenda wapi. Lililobaki ni fungu la dada. Kwa makubaliano tuliyoandika wakati wa kugawana saa, sehemu ya mali ya mama ilikuwa imfidie miaka aliyokaa bila mshahara kabla ya urithi kugawanywa. Mdogo wetu na mimi tulikubali. Kaka alisaini, lakini aliandika pembeni ya jina lake kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya amani tu. Dada alilisoma neno hilo, akapokea fedha zake, akaanza kutafuta kazi.